Marsela na Wifi Yake Roma

Kwa miaka minne Marsela hakuwa amesema na wifi yake Agatha neno lolote lisilo la lazima, na sasa walikuwa wanalala chumba kimoja, vitanda viwili vyembamba na kabati katikati, katika nyumba ya wageni ya masista huko Roma.

Aliyewaleta ni Lucia. Alikuwa mtoto pekee wa Marsela, sista aliyepelekwa Roma kusoma, na Jumamosi hiyo alikuwa anaweka nadhiri zake za daima. Shirika lake liliruhusu wageni wawili kutoka nyumbani. Marsela alijua mmoja ni yeye. Wa pili alimjua siku alipoitwa parokiani kuchukua hati za safari, akamkuta Agatha ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, anatazama ukuta.

Alimpigia Lucia jioni ileile.

"Mama, Shangazi ndiye alinisomesha," Lucia alisema. "Wewe ulinizaa. Siku nikitembea kwenda altareni nataka mmoja kulia, mmoja kushoto. Sina ombi lingine."

Marsela hakubisha, maana kubisha kungemlazimu kueleza, na alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatasikia habari ile kutoka kinywani mwake. Lucia hakuwepo siku walipomzika baba yake. Hakumwona Agatha akisimama pale kijijini Usevya, udongo wa kaburi la Martin ukiwa bado mbichi, na kusema mbele ya watu wote: "Kaka yangu aliondoka kwangu Mpanda akiwa mzima. Aliyekuwa anampikia ndiye anajua kilichomuua."

Hakutaja jina. Watu wa Usevya hawakuhitaji kutajiwa. Kabla msiba haujaanuliwa, majirani waliacha kunywa maji nyumbani kwa Marsela. Mpunga ulipoiva, wanawake aliozoea kuvuna nao walipita mbali na majaruba yake kama vile kuna nyoka ndani. Alivuna peke yake msimu mmoja, mgongo ukimuuma, kisha akafunga nyumba na kuhamia Kawajense, mjini Mpanda, kwa mdogo wake. Agatha aliendelea na duka lake la vitenge Kashaulili, mji huohuo. Jumapili walikaa pande mbili za kanisa.

Hao ndio watu wawili ambao Lucia aliwakabidhi mji wa Roma.

Mwenyewe alikuwa kwenye mafungo kabla ya nadhiri, na aliruhusiwa kuwaona mara moja tu, siku waliyofika. Alikuwa amekonda. Aliwakumbatia kwa zamu, akamkabidhi Agatha ramani, kwa sababu Agatha alijua Kiingereza cha kutosha kuuliza njia. Tiketi mbili za wiki nzima, za mabasi na za treni ya chini ya ardhi, alimpa mama yake, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe.

"Zifiche, Mama. Wezi wa humu kwenye treni wana vidole vyepesi. Na pasipoti ziacheni hapa kwa sista wa mlangoni."

"Tiketi yangu naweza kuishika mwenyewe," Agatha alisema.

"Shangazi, wewe umeshapoteza miwani ndani ya ndege."

Kisha akawaomba kitu kimoja. Huu ulikuwa mwaka wa Jubilei, Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro ulikuwa wazi, na alitaka waupite pamoja kwa ajili ya roho ya baba yake. "Pamoja," alirudia, akiwatazama wote wawili. Marsela alijiuliza mtoto huyu anajua nini.

Alhamisi asubuhi wakatoka. Agatha alitangulia, ramani mkononi, na Marsela akafuata nyuma kama mtu anayefuata ng'ombe wa mwenzake. Kila walipofika kwenye geti la treni, Agatha alisimama na kunyoosha kiganja bila kugeuka. Marsela alitoa kifuko kifuani, akafungua fundo taratibu kuliko ilivyohitajika, akampa tiketi. Wakishapita, alinyoosha kiganja yeye.

"Nirudishie."

"Kwani nitakimbia nayo?"

"Nirudishie, Agatha."

Watu waliokuwa nyuma yao waliguna na kuwasukuma kwa mabega. Mji wenyewe haukuwa na subira na mtu. Walipotoka chini ya ardhi walikuta barabara za mawe madogo meusi, yaliyopangwa tangu enzi za babu zao na babu za babu zao, yenye mianya ya kumeza kisigino, na Agatha alikuwa amevaa viatu vya harusi. Waliingia basi kwa sababu ya miguu yake. Basi likavuka mto likiwa limewapitisha kituo chao, na Agatha alipomuuliza dereva, dereva alionyesha kidole kwenye maandishi yanayokataza kusema naye. Wakashuka, wakarudi kwa miguu juu ya daraja lenye malaika wa mawe pande zote mbili. Chini yake mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Wazungu wenye kofia walikuwa wakipiga picha, na kila mara Marsela alipopita mbele ya kamera mtu alimpungia mkono asogee.

"Hata ungeishika ramani juu chini, tungeshafika," Marsela alisema. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Dar es Salaam.

Agatha aliikunja ramani, akatangulia.

Kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro foleni ilikuwa imezunguka nguzo kama chatu. Jua la Juni lilikuwa linachoma. Mbele yao Marsela alisikia Kiswahili, moyo ukamruka: kundi la mahujaji, wanawake kwa wanaume, wamevaa vitenge vya Jubilei, wengi wao kutoka Tabora. Agatha aliwafikia kwanza. Akaanza kucheka nao kana kwamba walikua kijiji kimoja.

"Nimekuja kwa binti yangu," aliwaambia. "Ni sista. Jumamosi anaweka nadhiri za daima. Nilimlea mwenyewe, nikamsomesha mwenyewe."

"Hongera sana, mama. Na huyu mwenzio?"

Agatha alitazama nyuma kidogo. "Huyo ni mtu wa kwetu tu."

Marsela alisikia. Mama mmoja wa lile kundi, mnene, mwenye uso wa ukarimu, alimwona amesimama pembeni akamsogelea na kumsalimia, akamuuliza safari ilikuwaje, kama chakula cha huku kinapanda. Marsela alifurahi mpaka akaona aibu. Alifungua mkoba wake, akatoa karanga alizokaanga Kawajense usiku wa kuondoka, akamimina nusu ya mfuko kwenye kiganja cha yule mama.

Yule mama alishukuru, akainua mkono kinywani.

Agatha akaushika mkono ule.

"Dada," alisema kwa upole, "mimi ningekuwa wewe, nisingekula."

Hakusema zaidi ya hapo. Yule mama alimtazama Agatha, akamtazama Marsela, kisha akatazama karanga. Watu wa bara hawahitaji maelezo marefu kwenye jambo kama hilo. Alijifanya kuzitia mfukoni, lakini foleni iliposogea Marsela aliziona chini, zimetawanyika kwenye mawe, na njiwa wamekwisha kuzifikia.

Aliupita Mlango Mtakatifu hivyo. Agatha alikuwa hatua kadhaa mbele, akiigusa shaba ya mlango kwa kiganja na kufanya ishara ya msalaba, midomo ikicheza. Marsela alipita na mikono yake ubavuni. Alijaribu kumwombea Martin, lakini kila alipofumba macho aliuona ule mkono ukishikwa. Hakuwa na sala. Alikuwa na kitu kingine kifuani, kizito, na kilikuwa kinapata umbo.

Walirudi mchana, wakati treni zimejaa. Agatha alipata kiti mwishoni mwa behewa, akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Marsela alisimama karibu na mlango. Alijua walitakiwa kushuka stesheni kuu na kupanda treni nyingine, ya mstari wa buluu. Jina la stesheni hiyo alikuwa amelishika tangu asubuhi. Treni ilipopunguza mwendo alimtazama wifi yake. Macho yalikuwa yamefumbwa, mdomo wazi kidogo, uso umechoka.

Kumwita ilikuwa kazi ya neno moja.

Marsela akashuka na umati. Alipokuwa amesimama ukingoni mwa reli, Agatha akafumbua macho. Walitazamana kupitia kioo. Agatha alielewa papo hapo. Alinyanyuka, kiatu kimoja mkononi, akawapangua watu kuufuata mlango. Marsela angeweza kuweka mkono katikati ya milango, aliwaona vijana wa mji ule wakifanya hivyo siku nzima. Hakuinua mkono. Milango ikafungwa, kiatu kikagonga kioo, na treni ikamchukua Agatha kwenye giza.

Furaha aliyoipata ilimtisha. Alipanda ngazi za stesheni akijisikia mwepesi kama binti. Badala ya kutafuta mstari wa buluu alitoka nje kabisa, akatembea tu, bila mtu mbele yake, akifuata barabara iliyomvutia. Alikunywa maji kwenye bomba la chuma linalomwagika mchana na usiku bila mtu wa kulifunga. Alitazama makanisa yaliyopangana kama maduka ya sokoni.

Lakini wepesi ule haukudumu. Barabara zilijipinda, kila moja ikafanana na mwenzake. Alimwonyesha mwanamke mmoja kikaratasi chenye anwani ya masista, mwanamke akabana mkoba wake kwapani na kuongeza mwendo. Kijana mwenye duka la viatu alimfukuza kwa mkono kabla hajafungua kinywa. Jua likiwa linamchoma, aliona ngazi pana za mawe meupe, na chini yake chemchemi, akakaa kupumzisha miguu. Filimbi ikalia. Askari alikuwa amesimama juu yake, anaonyesha kwa kidole kwamba ainuke. Watu waligeuka kumtazama. Marsela aliinuka, na kwa kuchanganyikiwa akapeleka mkono kifuani kuhakikisha kifuko chake kipo.

Kilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na tiketi mbili.

Alisimama katikati ya watu, akafikiri hatua kwa hatua. Agatha hana tiketi. Hana pasipoti. Simu zao hapa hazishiki mtandao ila kwenye nyumba ya masista. Akishikwa, ataeleza nini? Asiporudi leo, asiporudi kesho?

Wala haikuwa huruma iliyomgeuza. Alikuja kujieleza hivyo mwenyewe baadaye, na alikuwa mkweli. Aliziona Kashaulili na Usevya kama vile ziko mbele yake, akazisikia sauti: alimmaliza kaka, sasa kaenda kummalizia dada Ulaya, mahali pasipo na ndugu. Nani angemwamini? Hata Lucia angebaki na swali moyoni maisha yake yote.

Akauliza stesheni kwa kutaja jina lake tu, tena na tena, mpaka mwanamume mmoja Mwafrika, muuza miavuli, akamshika begani na kumgeuza upande wa pili.

Alipanda treni ya mstari uleule wa mwanzo, upande ulioelekea alikopotelea Agatha, na kila kituo alishuka, akatazama ukingo mzima, akapanda inayofuata. Kwenye kimojawapo, ng'ambo ya mageti ya kutokea, aliona kitenge anachokijua. Agatha alikuwa ameketi kwenye benchi peku, kati ya wakaguzi wawili wenye sare. Alikuwa amekaa pale muda mrefu. Ilionekana kwenye mabega.

Marsela alipita geti, akawakaribia. Mkaguzi mwenye ndevu alimuuliza kitu.

"Anasemaje?" Marsela aliuliza.

Agatha hakuinua uso. "Anauliza kama unanijua."

Marsela alifungua kifuko, akatoa tiketi yenye jina la Agatha, lakini hakuitoa mkononi.

"Mwambie mimi ni nani."

"Marsela, mpe huyu mtu tiketi."

"Asubuhi nilikuwa mtu wa kwenu tu. Mtu wa kwenu tu hashiki tiketi yako. Mwambie mimi ni nani."

Mkaguzi aliwatazama kwa zamu. Agatha alilamba midomo iliyokauka, akasema kwa Kiingereza, kisha akalazimika kusema tena kwa sababu sauti haikutoka. Marsela alikifahamu Kiingereza hicho kidogo: mke wa kaka yangu. Ndipo akaitoa tiketi. Mkaguzi aliikagua, akamkaripia Agatha kwa maneno mengi ambayo hakuna aliyeyatafsiri, akawaachia waende.

Kwenye ukingo, wakisubiri treni, maneno yalilipuka. Walianza kwa Kiswahili wakamalizia kwa Kipimbwe.

"Umekuja kuona kama nimekufa," Agatha alisema.

"Nimekuja ili usinifie. Umekwisha kunitwika maiti moja."

"Martin alitoka kwangu anacheka. Wiki tatu baadaye napigiwa simu nije kuzika. Wewe ulitaka nifikirie nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini? Ungesema ndiyo?"

"Ningesema alikuwa anatapika damu na anakataa hospitali. Ningesema nilimbeba mgongoni, mwanamume mzima, mpaka barabarani kusubiri gari. Lakini hukuuliza. Ulisimama juu ya kaburi."

"Na ningesimama tena," Agatha alisema. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

Walirudi kwa masista. Jua lilikuwa bado juu walipofika, na Lucia alikuwa anawasubiri chumba cha wageni. Sista wa mlangoni alikuwa amemtoa kwenye mafungo kwa hofu. Agatha alianza hata kabla ya kukaa.

"Mama yako ameniacha kwenye treni. Amenitazama usoni, akaniacha. Nimeshikwa kama mwizi."

Lucia aligeuka. "Mama?"

Marsela alikuwa na uongo tayari, kuhusu umati na milango. Aliuacha.

"Ni kweli. Nilimwacha makusudi. Sasa muulize kwa nini."

Agatha alitazama viatu vyake. Kwa hiyo Marsela akasema mwenyewe, yote aliyoapa kutosema: kaburi, maneno, majirani, majaruba, nyumba aliyoifunga, na karanga za asubuhi ile. Aliyasema amesimama, bila kulia.

Lucia aliketi. Aliingiza mikono ndani ya mikono ya kanzu yake.

"Baba alikuwa na ugonjwa wa ini," alisema hatimaye. "Aliambiwa hospitali Mpanda, safari ileile aliyofikia kwako, Shangazi. Alinipigia simu. Aliniomba nisiwaambie nyie wawili, alisema mtamsumbua kwa madawa na vilio. Nikamtii. Nilifikiri mmekosana kwa ajili ya mashamba."

Marsela alijikuta hana ushindi wowote mkononi. Martin alikuwa amelala kitanda kimoja naye akiwa anajua, akampigia simu mtoto aliyeko Ulaya, na yeye mke wake akamwachia matapishi ya kufuta.

"Ulijua," alimwambia Lucia. "Miaka yote hii."

"Nilijua ugonjwa, Mama. Hilo lingine hukuniambia."

Lucia alimgeukia shangazi yake. "Ulisema maneno hayo mbele ya kaburi la baba?"

"Nilisema kilichokuwa moyoni," Agatha alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alichukua viatu vyake, akapanda ngazi kwenda chumbani.

Lucia naye alisimama. "Nilitaka mnishike mikono, mmoja huku, mmoja huku," alisema. "Nitatembea mwenyewe."

Na Jumamosi alitembea mwenyewe. Masista wengine wawili walioweka nadhiri siku hiyo walisindikizwa na wazazi wao; Lucia aliingia katikati ya kanisa dogo peke yake, mikono imefumbatwa, macho mbele. Marsela alikuwa kwenye viti vya kulia, Agatha kushoto, na wote wawili walimtazama akipita kati yao bila kugeuza shingo. Alipolala kifudifudi sakafuni, na watakatifu wakaanza kuitwa mmoja mmoja, Marsela alilia kwa mara ya kwanza. Baada ya misa Lucia alimkumbatia mama yake kwa nguvu. Shangazi yake alimpa mkono.

Kwenye ndege walikaa safu tofauti. Mpanda walishuka bila kuagana.

Haikupita wiki, Marsela akasikia kutoka kwa mdogo wake kwamba wanawake wa jumuiya walikwenda dukani kwa Agatha kumuuliza habari za Roma, naye aliwajibu, akiendelea kukunja vitenge: "Nilipotea. Wifi yangu akaja kunichukua." Walipotaka kujua zaidi alisema hakuna zaidi. Alipoulizwa kama basi wamepatana, alisema hapana.

Marsela hakumtumia salamu za shukrani. Maneno yale hayakufuta yale mengine, na alijua Agatha hakuyasema ili yayafute.

Lakini aliyasikia, na aliona kwamba amekwisha kusema mbele ya mtoto wake jambo lililomfunga mdomo miaka minne, na hakuna kilichoanguka ambacho hakikuwa kimeanguka tayari. Mvua za kwanza zilipoonyesha dalili alifunga virago. Mdogo wake alimuuliza kama ana hakika, watu wa kule ni walewale.

"Na mimi ni yuleyule," Marsela alisema. "Majaruba ni yangu."

Alipanda gari la asubuhi, lipitalo Sitalike na kukata mbugani. Wanaume waliokuwa kiti cha mbele walifunga vioo kwa ajili ya mbung'o. Usevya alishuka saa za watu kutoka shambani, na mwanamke wa kwanza kumwona alikuwa jirani yake wa zamani, jembe begani. Yule mwanamke alisita, akatazama mizigo, kisha akaitikia salamu ya Marsela bila kusimama. Marsela hakumngoja. Alitoa funguo, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunguka, akaanza kufagia kinyesi cha popo.